Kilio cha mwenye gari hupokewa na nani?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hivyo ndivyo walivyonena wahenga, nami leo naomba idhini yao niongeze kwamba motokaa usiyoiendesha katika jua la Tana River huwezi kuzijua ila zake.

Mwaka jana, katika msimu wa kiangazi, nilikuwa nikimpeleka shangazi yangu hospitalini Malindi. Tuliondoka Garsen saa sita za mchana, tukaipita njia panda ya Minjila, na barabara ikawa mbele yetu nyeupe kwa joto. Ghafla injini ikazimika. Haikukohoa wala haikutoa dalili yoyote. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyekatizwa usemi. Usukani ukawa mzito mikononi mwangu, breki zikawa ngumu, na nyuma yetu lilikuwapo lori lililosheheni magunia. Dereva wa lori lile alikuwa macho. Alikwepa, akatupita kwa upana wa mkono mmoja, akaendelea na safari yake huku honi ikilia. Shangazi hakusema neno. Alinishika bega tu, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

Baada ya nusu saa gari lilipoa, likawaka, tukafika. Siku ya tatu nililipeleka kwa fundi mmoja mjini Garsen. Aliifungua pampu ya petroli, akaigeuzageuza kiganjani, kisha akaniambia kwa utulivu: "Mwalimu, hii si ya kwanza. Mwaka huu nimezitoa tatu, zote za gari la aina hii hii, na ugonjwa ni huu huu mmoja. Joto likizidi, inalala."

Nikamwuliza, "Na umemwambia nani?"

Akacheka. "Nimwambie nani? Si nimekwambia wewe."

Jawabu hilo limenikaa moyoni tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niishike kalamu. Kwa kazi yangu mimi ni mwalimu wa isimu, na mazoea yangu ni kuyapima maneno kabla ya kuyapima mambo. Basi tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kinasema "kulalama" na "kulalamika", na katika kauli ya kutendea kinasema "kulalamikia". Mtu hulalamikia kitu fulani, na hulalamika kwa mtu fulani. Ukiondoa huyo wa kulalamikiwa, neno hupoteza nusu ya maana yake, na kinachobaki ni kuguna. Mafundi wetu na madereva wetu wa Garsen, Hola, Witu na Malindi huguna kila siku: gari hili linachemka, lile linavuta upande mmoja, jingine shokabu zake hazimalizi mwaka. Yote ni maarifa ya thamani, lakini hayana anwani.

Sasa tuulize swali linaloulizwa kila mahali panapouzwa motokaa mpya: je, waundaji wa magari hulitengeneza gari lao likawa bora baada ya wenye kulinunua kulalamika? Wapo wasemao kwamba hawajali hata kidogo, madhali wamekwisha kutia fedha mfukoni. Wapo pia wasemao kwamba kampuni kubwa husikia kila neno. Mimi naona pande zote mbili zimekosea. Kampuni husikia, lakini husikia kwa sikio moja, na sikio hilo huelekea upande uliko mfuko wake.

Chukua mfano wa Toyota, jina ambalo leo limeenea katika barabara zetu kuliko jina jingine lolote. Mwaka 1957 kampuni hiyo ilifungua tawi lake Marekani, na mwaka uliofuata ikaanza kuuza huko gari la saluni lililoitwa Toyopet Crown. Lilikuwa gari gumu, lililoundwa kwa barabara mbovu na za mwendo wa taratibu za Japani ya wakati ule. Katika barabara kuu za Marekani lilitetemeka, lilikosa nguvu ya kupanda milima, na lilichemka. Mwaka 1958 mzima yaliuzwa magari 287 tu ya aina hiyo. Kabla ya kumalizika mwaka 1960 Toyota ilikuwa imesimamisha kupeleka huko magari yake madogo. Haikuwalaumu Wamarekani kwa kwenda kasi mno. Ilirudi kiwandani, na mwaka 1965 ikarejea na Corona, gari lenye injini ya nguvu zaidi, na biashara ikashamiri. Hapo lalamiko lilisikika kwa sababu lilisemwa kwa lugha ambayo kila mfanyabiashara anaifahamu: wanunuzi walikataa kununua.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, kwani ulitokea katika udongo wetu wenyewe. Mwaka 1963 mashindano ya Safari yalifanyika kwa mvua na matope ambayo wazee wanayasimulia hadi leo. Magari 84 yaliondoka, yakafika mwisho 7 tu, na lililoongoza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Nissan ya Japani nayo ilileta magari yake mwaka ule. Hakuna hata moja lililofika. Lakini waundaji hao hawakusema kwamba barabara za Afrika Mashariki ndizo zenye makosa, wala hawakuiomba serikali itie lami kwanza. Waliandika kilichovunjika, wakakiimarisha, wakarudi mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakaibuka washindi kwa Datsun 1600 SSS, gari la saluni. Kisha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mara tano kwa magari ya Datsun: mwaka 1973, na tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Nimeuleta mfano huu makusudi, maana kila tunapolalamika huwa tunajibiwa kwamba tatizo ni barabara zetu, vumbi letu na mafuriko yetu. Ni kweli kwamba Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika mwaka 1997, mwaka 2018 na mwaka 2023, hakuna gari dogo litakalopita salama. Wala sitaki kuwatetea wenye magari wasiostahili kutetewa. Wako wanaopakia watu tisa katika gari la watu watano. Wako wanaonunua oili ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka, na wako wanaotia vipuri bandia kisha wakamlaani mwundaji. Lakini kati ya mwaka 1963 na 1970 tope la Afrika Mashariki halikubadilika kwa sababu ya Datsun. Datsun ndiyo iliyobadilika kwa sababu ya tope. Penye nia njia hupatikana, na nia huzaliwa pale ambapo kushindwa kunaonekana na watu wote.

Mfano wa tatu ni mchungu. Mwishoni mwa mwaka 2004 General Motors ya Marekani ilitoa gari jipya dogo lililoitwa Chevrolet Cobalt. Mara malalamiko yakaanza. Mtu akiligusa fungu la funguo kwa goti, au akining'iniza funguo nzito, swichi ilirudi nyuma yenyewe na injini ikazimika njiani. Injini ikizimika hivyo, hata mifuko ya hewa inayomkinga abiria wakati wa ajali haikufunguka. Wahandisi waliambiwa, wakalijadili jambo hilo mwaka 2005, na kampuni ikaona kwamba gharama na muda wa kulirekebisha havistahili. Mwaka 2006 kifaa hicho kilibadilishwa kimyakimya, kikawa imara zaidi, lakini nambari yake haikubadilishwa. Kwa hiyo magari mapya yaliyotoka kiwandani yakawa mazuri, na yale ya kwanza yakaachwa barabarani na maradhi yake, wala hapakuwa na mtu wa nje aliyeweza kutambua tofauti. Kampuni ilikuja kuyaita yarudi mwaka 2014, takriban magari milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo vya watu 124. Kilichohitajika kuwaokoa kilikuwa kifaa ambacho bei yake haikufika dola moja.

Msomaji, naomba usimame hapa nami kidogo. Katika mifano hii mitatu gari lilitengenea. Hata Cobalt ilitengenea. Kwa hiyo yule asemaye kwamba malalamiko hayazai matunda amekosea. Lakini tazama ni nani aliyeyala matunda hayo. Corona ilinunuliwa na watu ambao hawakuwahi kutetemeshwa na Toyopet. Swichi mpya walipata wanunuzi wapya. Mwenye kulia hupanda mwembe, na maembe huangukia uani kwa jirani. Kuliboresha gari la kesho na kulirekebisha gari la jana ni mambo mawili tofauti. La kwanza kampuni hulifanya kwa hiari kwa sababu lina faida. La pili hulifanya pale inapolazimishwa na sheria, mahakama au aibu.

Na sisi wa Tana River tunaishi na gari la jana. Motokaa nyingi ndogo zinazopita daraja la Garsen hazikununuliwa mpya. Zimetoka Japani zikiwa zimetumika, kwa kanuni inayotaka gari lisizidi umri wa miaka 8 linapoingia nchini, na zikifika huku kwetu aghalabu zimekwisha kupitia mikono miwili mitatu ya Mombasa na Nairobi. Mwundaji alipata fedha yake zamani kutoka kwa mtu wa Osaka au Nagoya. Huyo ndiye mteja wake na huyo ndiye anayeandikiwa barua ila inapogunduliwa. Sisi katika daftari lake hatumo.

Kwamba jambo hili ni la uhai na mauti limedhihirishwa na kadhia ya Takata. Kampuni hiyo ya Kijapani iliunda mifuko ya hewa iliyotiwa katika magari ya kampuni nyingi za Japani, Marekani na Ulaya. Kemikali iliyotumiwa kuifungua iliharibika polepole kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hata ikawa mfuko unapofunguka chombo chake hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa yule ambaye ulikusudiwa kumwokoa. Tangu mwaka 2008 magari yalianza kuitwa yarudishwe, na hesabu ikapanda hadi takriban vifaa milioni 100 duniani kote. Mwezi wa Juni 2017 Takata ikafilisika. Sasa ewe mkazi wa Kipini, wa Ngao, wa Tarasaa, jiulize: ni wapi penye joto na unyevu wa miaka mingi kuliko kwetu? Na ikiwa gari lako lilikuwa miongoni mwa yaliyoitwa, nani alikuletea mwito huo, na kwa lugha gani?

Nilijaribu kuutafuta mlango wa kubisha. Nilimwandikia aliyeniuzia gari, naye akanijibu kwa sentensi moja: ulilikagua mwenyewe. Niliandika kwa wanaowakilisha aina ile ya gari, wakanieleza kwa adabu kwamba wanashughulikia magari waliyoyauza wao peke yao. Hapo nikakumbuka jambo ambalo sisi wa bonde hili tunajivunia. Sauti ya wimbo wa taifa la Kenya, ulioandaliwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo ambao mama wa Kipokomo humwimbia mwanawe anapolia. Mtoto akilia, mama anaweza kumpa ziwa, au anaweza kumbembeleza kwa wimbo hadi asinzie. Mama mwema hujua ni lini mtoto ana njaa na ni lini ana usingizi. Barua nilizopokea zilikuwa wimbo, ilhali mimi nilikuwa na njaa.

Hata hivyo sheria tunayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa anapodhurika kwa sababu ya kasoro. Sheria ya kuwalinda wanunuzi ilipitishwa mwaka 2012. Hakuna penye maandishi kwamba haki hizo ni za mwenye gari jipya tu, wala kwamba zinakoma mtu anapoliacha jiji. Tatizo letu ni kwamba haki isiyodaiwa kwa maandishi hulala, na sisi ni watu wa kusema kuliko kuandika.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, na yote yanaweza kutekelezwa.

La kwanza linawahusu wakuu wa viwango na wa usafiri. Kila gari lina nambari yake ya chesisi, na nambari hiyo inatosha kujua kama gari limewahi kuitwa lirudishwe na kama lilirekebishwa. Na iwe lazima nambari ya kila gari kuukuu ilinganishwe na orodha za mwundaji kabla gari halijasajiliwa nchini, na matokeo yaandikwe katika karatasi anazokabidhiwa mnunuzi. Gari lenye deni la matengenezo ya usalama lisiuzwe hadi deni hilo lilipwe. Kazi hii haihitaji mtambo wala karakana. Inahitaji karani mwaminifu na sheria yenye meno.

La pili linawahusu wanaowakilisha kampuni za nje. Jina la kampuni lililoandikwa juu ya gari ni moja, liwe limenunuliwa jipya Nairobi au kuukuu Mombasa, na sifa inayopatikana kwa jina hilo ni yao pia. Na wapokee malalamiko ya magari yote yenye jina lao, wayapeleke kiwandani, na watoe matangazo ya ila za hatari kwa Kiswahili chepesi, redioni na magazetini. Tangazo la hatari lisiloeleweka na anayehatarishwa si tangazo. Watengenezaji wakumbuke pia kwamba barabara ya Garsen ni mtihani ambao hawalipii hata senti. Wazee wao walivuka bahari kuja kuutafuta mtihani kama huu mwaka 1963.

La tatu linatuhusu sisi. Fundi aliyezitoa pampu tatu ana elimu ambayo mhandisi wa kiwandani angeipokea kwa mikono miwili, lakini elimu hiyo hupotea jioni anapofunga gereji. Na aandike: tarehe, aina ya gari na mwaka wake, nambari ya chesisi, kilomita lilizokwenda, kilichoharibika, na hali ilivyokuwa kilipoharibika. Lalamiko la mtu mmoja huitwa bahati mbaya. Malalamiko ishirini yanayofanana, yenye tarehe na nambari, huitwa ushahidi, na ushahidi hauwezi kujibiwa kwa kuambiwa "ulilikagua mwenyewe". Nasi tulio vyuoni tusikae pembeni. Mafundi wana msamiati wao hai: gari linakohoa, linakula oili, linavuta kulia. Kazi yetu ni kuyalinganisha maneno hayo na istilahi za wahandisi ili barua ya Garsen isomeke Nagoya. Miaka mingi nimefundisha vijana mofolojia ya kitenzi, na ilinibidi kunusurika chini ya lori ndipo nione kwamba kitenzi kinaweza kukosa mtendewa hata nje ya darasa.

Huenda mtu akasema haya ni mambo madogo katika kaunti iliyozoea ukame na mafuriko. Sikubaliani naye. Katika nchi ambayo hospitali iko umbali wa zaidi ya kilomita mia moja, gari la jirani ndilo gari la wagonjwa. Likizimika, anayezimika si gari peke yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu ni huu wa kunyamaza.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule fundi. Nilikuwa nimempelekea daftari la kurasa mia moja, jekundu, la mistari, lile linalonunuliwa na watoto wa shule. Alikuwa amelitundika kwa kamba kando ya meza ya vifaa, na kurasa nne zilikuwa zimejaa. Gari langu ni la tatu kuandikwa, kwa hati yake iliyopinda kidogo: tarehe, nambari, pampu, joto. Chini yake zilikuwapo pampu nyingine mbili. Jumla sasa ni tano. Tumekwisha kuandika barua, yeye na mimi, na safari hii tumeambatisha kurasa zote nne.